Umepakana na Nani?

Pangani, 14 Juni 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeipeleka mwenyewe stendi ya Tanga nikamkabidhi kondakta wa basi la Mwanza, aishushe Mkiwa dukani kwa jirani yetu Mama Obadia. Simu nimeshaikatia tamaa. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka wageni wakatoka vyumbani kuuliza kuna nini, nawe ukanijibu kwamba mbuzi ameshazaa. Tangu masikio yako yaanze kugoma mwaka jana, naona tutaelewana kwa karatasi tu.

Baba, nimenunua kiwanja!

Kiko nje kidogo ya mji. Unatoka barabarani, unapita minazi michache, unakuta uwanja mweupe, mtupu, tambarare kama uwanja wa mpira. Bahari yenyewe huioni, iko mbali nyuma ya miti ya mikoko. Dalali alinipeleka asubuhi, baada ya kuwapa wageni chai. Nilipoukanyaga ule udongo uliokauka juu kama ukoko wa ugali, nikakumbuka kando ya ziwa Kindai, pale tulipokuwa tukikatiza na Mama kwenda kwa shangazi Singida Mjini. Nikasema hapahapa. Hakuna kisiki cha kung'oa, hakuna jiwe. Wenyeji wameuacha tu, sijui walikuwa wanangoja nini. Kasoro yake ni moja: una vishimo vidogo vidogo kila mahali.

Akiba yangu yote ya Korogwe imeingia humo, na sijuti. Tangu Michael aniache kule kwenye kambi ya mkonge nimekuwa mtu wa chumba cha kupanga, na sasa nalala kwenye stoo ya nyumba ya wageni ninayoipikia, kati ya magunia ya mchele. Miaka arobaini na saba, Baba, na sijawahi kufagia uwanja nikasema huu ni wangu. Sasa nitafagia.

Mwambie ndugu yangu Gaspari asiwe na wasiwasi tena. Sitamwomba hata pa kuweka mafiga.

Mwanao,
Janeth


Mkiwa, 25 Juni 2023

Marahaba mwanangu,

Barua imefika inanuka samaki. Severina, huyo Mama Obadia wako, aliniletea ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya. Nimeisoma mara nyingi.

Sisi hapa wote wazima. Alizeti tumeshapiga na tumeweka ndani. Tunakula, tunalala, hatuna neno.

Hongera kwa kiwanja. Ila umejaza karatasi mbele na nyuma na hukuniambia kitu. Umepakana na nani? Babu yako alipochukua shamba hili, watu wa pande zote nne walikuja wakatembea naye mpakani. Kila mmoja alisimama kwenye kona yake akasema, mimi naishia hapa. Wakanywa togwa, wakaenda zao. Ndiyo maana mpaka leo hatujui mlango wa baraza la ardhi ulipo. Sasa wewe nani alisimama kwenye kona zako? Dalali si jirani. Dalali akishapata chake humwoni tena hata njiani.

Vishimo hivyo ni vya fuko. Chukua pilipili kavu, changanya na samadi, choma mdomoni mwa shimo, upepo uwe nyuma yako. Atatoka.

Na usiache kiwanja bila uzio, watu watakitafuna kidogo kidogo. Nitakukatia minyaa ya hapa nyumbani. Minyaa haiombi maji. Ukiikata tu, jihadhari na utomvu wake usikuingie machoni.

Gaspari nimemfikishia salamu. Hilo la mafiga sikulielewa.

Baba yako,
Nathan Mughwai


Pangani, 16 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Kwanza cheka, halafu ndiyo usome.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Pilipili, samadi, upepo nyuma yangu. Upepo wa huku hauna adabu, ukageuka. Nilipiga chafya mpaka kitenge kikanidondoka, na wavulana waliokuwa wanapita na nyavu wakakaa chini kwa kicheko. Wakanambia, mama, hao si fuko, hao ni kaa. Ni wadudu wa baharini, wana magamba, wanatembea kiubavu kama mlevi anayetafuta ukuta. Hawana madhara, hawali mizizi.

Kuhusu majirani usiwe na shaka. Upande wa kaskazini nimepakana na Bi Mwanakombo, mjane, mtu mzima kunizidi, anasuka mikeka. Ni mtu wa maneno mengi na roho nyeupe. Jioni nikienda kufagia uwanja ananiita kwa sauti, "Wewe mtu wa bara, njoo unywe kahawa!" Tunakaa kibarazani kwake, anauliza habari za kwetu. Nimemsimulia habari zako. Wengine wako Dar, watakuja kujenga.

Na wewe mbona unaandika kwa kifupi hivyo? Watoto wa Gaspari hawajambo? Mke wake bado anakupikia uji wa ulezi asubuhi?

Mwanao,
Janeth


Mkiwa, 7 Agosti 2023

Marahaba Janeth,

Nimecheka. Nilicheka peke yangu pale nje mpaka mbwa akasimama.

Nakutumia chupa mbili za mafuta ya alizeti ya msimu huu. Moja yako, moja ya Bi Mwanakombo. Mwambie baba yako anamsalimu na anamshukuru. Mwambie asiyaweke juani. Sikuwa nalala vizuri tangu uondoke Korogwe, nikiwaza umekaa na nani huko. Sasa najua kuna mtu anayekuita jioni.

Ila kuna jambo linanikereketa. Hao kaa umesema ni wadudu wa majini. Mdudu wa majini anatafuta nini kwenye kiwanja kikavu? Mimi si mtu wa bahari, nauliza tu.

Sisi tuko salama. Uji upo. Siku hizi ugali unabaki mwingi, nimezoea kupimia lile sufuria kubwa la mama yako na mkono wangu haujataka kujifunza jingine. Kuku wanafaidi.

Nikimaliza kuezeka banda nitakuja mwenyewe na minyaa. Nataka niwaone hao majirani, nitembee nao mpakani. Kiwanja kisichotembelewa na mzee wa upande wako kinakuwa kama cha kuokota.

Baba yako,
Nathan Mughwai


Pangani, 3 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Mafuta yamefika, Bi Mwanakombo amefurahi sana na anakusalimu.

Baba, usije mwezi huu. Wageni ni wengi, sina hata nafasi ya kukutandikia. Bi Mwanakombo naye amesafiri kwa binti yake. Kiwanja kina unyevunyevu kidogo, si wakati mzuri wa kupanda. Tusubiri mwakani.

Mwanao,
Janeth


Pangani, 3 Septemba 2023

Mama Obadia,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako, ile nyingine mpe Baba. Ningekupigia, lakini wewe simu yako unaiwekea spika dukani na Mkiwa nzima inaitikia.

Dada yangu, nimeumbuka.

Alhamisi alasiri nilibeba fagio langu kwenda kiwanjani. Sikukiona. Nilifikiri nimekosea njia. Pale nilipokuwa nafagia kulikuwa na maji, yametulia, yanang'aa, samaki wadogo wanapita juu ya vigingi vyangu. Mzee mmoja alikuwa anatengeneza mtumbwi pembeni. Akanambia hilo ni bamvua, mama. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inazidi, inaingia kwa mkono wake wa nyuma huku, inakaa saa kadhaa, inatoka. Na bamvua kubwa la mwaka bado, linakuja mwisho wa mwezi huu. Akaniuliza nani kaniuzia. Nilipomtajia dalali akatikisa kichwa, akarudi kwenye mtumbwi wake.

Mimi bahari nilijua inajaa na kupwa kule ufukweni. Nani angeniambia kwamba ina mlango wa uani? Ziwa letu Kindai likishaacha udongo mweupe limeacha. Nilidhani weupe ule ni ukavu.

Dalali hapokei simu. Na Bi Mwanakombo hayupo. Hajasafiri, hayupo kabisa, hakuwahi kuwepo. Nilimtunga ili Baba asiulize tena. Nilianza na jina tu, halafu nikampa mikeka, halafu kahawa. Jioni zingine nikiwa nimekaa kwenye magunia yangu nilijikuta namjibu. Chupa yake ya mafuta nimeiweka kwenye rafu, sijathubutu kuifungua.

Nakuomba mzuie Baba asije. Mwambie lolote. Akija akaona hivi nitaficha wapi uso wangu?

Mdogo wako,
Janeth


Mkiwa, 24 Septemba 2023

Janeth,

Marahaba, na pole, na mimi nina hasira nawe.

Kwanza pole. Nimeisoma barua yako nimejifungia stoo kama mwizi. Huyo dalali akanyage miba, basi. Nimeitia motoni kama ulivyotaka, ingawa hukusema niitie motoni, nimejiongeza.

Pili, baba yako hazuiliki. Nimemwambia barabara imekatika, akasema atashuka atembee. Nimemwandikia kwenye boksi la sabuni, MZEE UMRI UMEKWENDA, akasoma, akaligeuza, akaandika nyuma, NDIYO MAANA NAWAHI. Alhamisi anapanda basi. Minyaa ameifunga kwenye gunia, na jembe amelitoa mpini ili liingie kwenye begi. Ameniambia nisikuandikie, anataka akukute hujajiandaa. Barua hii itakuja na basi la kesho, Mungu akipenda itamtangulia.

Tatu ndiyo hasira. Ninyi wawili mnadanganyana vizuri sana. Unauliza watoto wa Gaspari hawajambo? Gaspari amehamia Singida Mjini tangu Machi, yeye na mke na watoto, wamepanga huko, ana bodaboda zake. Shamba analima kwa simu. Baba yako yuko peke yake. Hiyo "sisi" anayokuandikia ni yeye, mbwa na kuku. Uji anaupika mwenyewe, umejaa mabonge. Mimi napita asubuhi naangalia kama moshi unatoka. Jumapili kanisani anakaa benchi la mbele, anatazama midomo ya padri, anaitikia amina watu wakishamaliza.

Alipopata habari za huyo Bi Mwanakombo wako alizunguka nazo kijiji kizima. "Janeth ana jirani." Kila aliyemkuta. Sijawahi kumwona vile tangu mama yako atutoke. Sasa wewe jipange utamwambia nini.

Severina, Mama Obadia


Pangani, 9 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Mama Obadia amenijulisha umefika salama. Barua yake ya kabla ilinifikia Jumatatu, wewe ulikuwa umeshakaa siku tatu kwenye magunia yangu.

Siku zote ulizokuwa hapa hatukusema kitu. Wewe husikii na mimi nilikuwa naogopa kalamu. Sasa nisikilize.

Ijumaa ulipoingia jikoni na lile gunia begani, nilikuandikia kwamba tutakwenda kiwanjani Jumatatu, asubuhi, maji yakiwa hayapo. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo, Baba. Nilitaka uone pakavu, upande minyaa yako, upande basi, uondoke na furaha. Sikujua utatoka mwenyewe Jumamosi alasiri nikiwa nawakaangia wageni samaki. Sikujua kama ulishawaonyesha wale wavulana karatasi yenye maneno "kiwanja cha mpishi mtu wa bara", na kwamba mji mzima unapajua kwa kicheko.

Nilikuona kutoka kwenye minazi. Ulikuwa umeinama katikati, umeipa bahari mgongo, umeshasimika mstari mmoja umenyooka. Maji yalikuwa yanakuja nyuma yako, yale ya pole yasiyo na wimbi. Niliita. Baba, niliita mpaka koo likauma. "Baba! Baba, toka!" Wewe unashindilia udongo kwa kisigino. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninaweza kuita kwa nguvu zangu zote na usigeuke. Nikakimbia. Nilipokufikia ulikuwa unatazama miguu yako, maji yameshafika kwenye vifundo, umeduwaa kama mtoto aliyemwagiwa.

Nilingoja unifokee. Hukunifokea. Uliichomoa minyaa yote, mmoja mmoja, mingine ilikuwa inaelea, ukaikung'uta, ukairudisha kwenye gunia. Halafu ukatazama kaskazini, ambako nilikuambia kuna nyumba ya Bi Mwanakombo. Kulikuwa na mikoko. Ulitazama muda mrefu. Ningeona afadhali unipige.

Naomba unisamehe. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu kukuambia kwamba nimenunua mahali ambapo hakuna mtu, na kwamba jioni haniiti mtu yeyote.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Sikununua kwa kupenda bahari. Siku ya kuanua matanga ya Mama, mbele ya kikao, nilisimama nikaomba kipande kidogo nijenge chumba. Gaspari akasema mtoto wa kike kwake ni kwa mumewe. Nikakutazama wewe. Ukaitikia kwa kichwa. Gaspari akaongeza, tukianza kugawa hivyo tutabaki na nini? Ukaitikia tena. Nilipanda basi asubuhi yake. Nilikuambia nawahi kazini, na haikuwa kweli. Niliumia, Baba. Kwa mumewe wapi, na wewe ulikuwa unajua Michael ameshaniacha? Tangu siku ile nikasema nitatafuta pangu hata kama ni kwenye jiwe. Nikapata kwenye maji.

Janeth


Mkiwa, 22 Oktoba 2023

Janeth mwanangu,

Marahaba. Safari hii naandika kirefu, kaa chini.

Sikusikia.

Masikio yangu hayakuanza mwaka jana. Yalianza miaka mingi kabla, kidogo kidogo, na mtu aliyejua ni mama yako peke yake. Alikuwa anakaa upande wangu wa kulia. Mtu akisema jambo, mama yako analirudia kama vile analijibu, nami nalipata kwake. "Ati Philipo anaomba ng'ombe wa kulimia?" Nami najibu, achukue. Watu wakasema Nathan na mkewe wanaelewana. Ni kweli tulielewana, lakini pia nilikuwa siwasikii.

Siku ya kuanua matanga upande wangu wa kulia hapakuwa na mtu. Niliona midomo inacheza. Niliona umesimama, nikajua unashukuru watu, kama desturi. Niliona Gaspari anajibu. Kila aliyenitazama nilimwitikia kwa kichwa, ndivyo nilivyopita siku ile yote. Kama wangeniuliza wanizike na mama yako ningeitikia. Nikaona umeondoka asubuhi, nikasema kazi za watu ndivyo zilivyo. Na ulipoandika habari ya mafiga nikadhani ni utani wa ndugu.

Miaka miwili umetembea na kichwa changu kikikukataa. Mbona hukuniuliza? Na mimi mbona sikusema kwamba mimi ni kiziwi? Niliona haya. Mzee aliyepoteza mke na masikio kwa pamoja watu wanaanza kumhamisha hamisha kama kiti.

Kuhusu Gaspari, Severina ameshafungua mdomo, sina la kuficha. Sikutaka uache kazi uje kunipikia uji. Ndiyo hivyo, nipo peke yangu. Vumilia nikuambie lilivyo: jioni ndiyo mbaya. Mchana mtu ana jembe.

Kuhusu Bi Mwanakombo, nilimtazama pale kwenye mikoko nikamtafuta kweli. Nilikuwa nimeshamzoea. Nilimpangia hata zawadi ya kuku. Siwezi kukukasirikia kwa kumtunga, kwa sababu mimi nilikuwa namtunga Gaspari na wanawe, tena bila kahawa.

Na bahari niliipenda. Inakuja bila kumwambia mtu, nayo haikunionea. Hata wewe na masikio yako mazuri usingeisikia.

Kuna jambo nataka kulifanya. Subiri.

Baba yako,
Nathan Mughwai


Pangani, 4 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma jikoni, nikasingizia vitunguu.

Nimekaa miaka miwili nikigombana na wewe kichwani, na wewe hukuwepo kwenye ugomvi. Nakosa hata pa kuiweka hasira yenyewe, imebaki mikononi.

Jambo unalotaka kulifanya nalifikiria. Usilifanye, Baba. Usigombane na Gaspari uzeeni kwa ajili yangu, ndiye atakayekuzika. Mimi nimeshazoea. Kiwanja nimewaachia kaa, wao ndio wenye majirani pale. Juzi nilifungua chupa ya mafuta ya Bi Mwanakombo nikamkaangia mihogo yule mzee wa mtumbwi. Alikula yote, akaniuliza naitwa nani. Nimekaa hapa tangu Februari na ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza.

Lala salama. Pika ugali mdogo.

Janeth


Mkiwa, 26 Novemba 2023

Marahaba Janeth,

Nimelifanya.

Jumapili iliyopita baada ya misa niliita watu wa pande zote. Severina alipika togwa. Gaspari alikuja na bodaboda kutoka mjini, amevaa miwani ya jua. Nikasimama mbele ya watu, nikasema kwanza mimi ni kiziwi, tena wa siku nyingi, kila niliyemwitikia kwa kichwa miaka hii anisamehe na aje aniulize upya kwa maandishi. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Niliona wamenyamaza.

Halafu nikasema Janeth, mtoto wangu wa kuzaa, nampa sehemu kutoka kwenye ile njia nyembamba ya kisimani hadi uani kwangu.

Gaspari alisema mengi. Alisema kwa muda, amesimama, na mikono yake yote. Sikuyasikia. Severina alikuwa amekaa upande wangu wa kulia na hakurudia hata neno. Gaspari alipomaliza alinitazama, na watu wote wakanitazama, kama siku ile.

Safari hii sikuitikia kwa kichwa.

Alikaa. Baadaye alichukua jembe akanisaidia kuchimba, hakusema kitu, au labda alisema. Ni mwanangu na yeye. Tumwachie muda.

Tulitembea mpakani. Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililokuuliza tangu mwanzo na wewe ukanipa mtu wa kutunga. Umepakana na hawa:

Mashariki ni njia ya kisimani, watu wanapita asubuhi na jioni, wote wana midomo. Kaskazini ni Severina. Alisimama kwenye kona akasema anaishia hapa, ila sauti yake haiishii hapo, ujiandae. Kusini ni mama yako. Kaburi nimelisafisha. Kwa kuwa yeye hawezi kusimama, Severina alimsimamia.

Magharibi ni mimi.

Minyaa ni ile ile niliyokuja nayo huko. Nilidhani chumvi imeiua, lakini imeshachipua vidole. Nimeipanda pande tatu. Upande wa magharibi, kati yako na mimi, sijapanda kitu.

Kona moja imebaki haina mtu. Hiyo ni ya mwenye shamba, hasimamiwi na mwingine. Mvua zimeanza na njia ya kisimani inateleza. Ukija usiniite kutoka mbali, sitageuka. Njoo mpaka uniguse.

Jirani yako wa magharibi,
Baba